Utendi wa Kisangani Uanze na Mashahidi

Mwaka 1951 John Huston alipiga kambi Biondo, kando ya mto Ruiki, upande wa Ponthierville ambayo leo ni Ubundu, akaupiga picha msitu wa Kongo ili watazamaji waone Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ndiyo The African Queen. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn walifika huko kwa njia ya Stanleyville, Kisangani ya leo. Miaka saba baadaye Fred Zinnemann alimleta Audrey Hepburn Stanleyville penyewe kwa ajili ya The Nun's Story, na sehemu ya filamu hiyo ikapigwa Yakusu, chini kidogo ya mji, kwenye kituo cha misheni kilichowatibu wagonjwa wa ukoma. Kisha mambo yakageuka. Dark of the Sun, filamu ya 1968 kuhusu mamluki katika Kongo ya uasi, ilipigwa Jamaika. Raoul Peck alipotengeneza Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, Kongo ilikuwa vitani, naye akaitafuta Léopoldville, Kinshasa ya leo, huko Beira, Msumbiji, na Zimbabwe. Kwa nusu karne msitu wetu umeigiza nchi nyingine, na nchi nyingine zimeigiza Kongo.

Naikumbusha historia hiyo kwa sababu kuna ahadi mpya, na ni ahadi nzito. Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilionyesha Sora, programu inayogeuza maandishi kuwa video. Juni ya mwaka huo ikaja Kling ya China. Mei 2025 Google ikatoa Veo 3, inayotoa picha pamoja na sauti. Oktoba 2025 Wahindi wakaanza kurusha kwenye JioHotstar tamthilia ya Mahabharata iliyotengenezwa kwa akili mnemba: majeshi, magari ya vita, miungu angani, na hakuna farasi hata mmoja aliyelishwa. Kijana wa Mangobo, hapa Kisangani, mwenye kompyuta ya mkononi na bando la intaneti anauliza swali la haki kabisa: ikiwa India wameutengeneza utendi wao hivyo, Stanleyville ina kasoro gani? Tunayo maporomoko ya Boyoma. Tunaye Tippu Tip, tunaye Lumumba wa posta, tunao waasi wa Simba wa 1964, tunazo meli za mvuke na reli ya 1906 iliyojengwa kuyazunguka maporomoko. Miji iliyorundikiwa historia kiasi hiki katika Afrika ni michache.

Mimi nasema aitengeneze, ila aanzie upande ambao mtambo hauwezi kumsaidia. Zamani katika filamu ya historia picha ndiyo iliyokuwa ghali, na ushahidi ulipatikana kwa kwenda kuketi na mzee barazani. Siku hizi picha inashuka bei kila baada ya miezi michache, na ushahidi unaadimika kwa sababu waliokuwa nao wanazikwa. Fedha na nguvu za vijana wetu zikikimbilia kile kinachoshuka bei, tutabaki na majeshi mengi ya kuvutia na hakuna atakayeweza kusema walikuwa nani.

Suala la gharama silidharau hata kidogo. Filamu ya historia hula fedha kabla kamera haijawashwa: sare za Force Publique, jeshi la kikoloni, bunduki za wakati ule, meli yenye gurudumu la nyuma, barabara isiyo na pikipiki wala nguzo za simu, chakula cha watu mia tano wa kusimama nyuma. Mtayarishaji wa Kisangani hana benki ya kumkopesha hayo. Umeme wenyewe hutegemea bwawa la mto Tshopo, la enzi ya Wabelgiji, ambalo mitambo yake husimama mara kwa mara, na mhariri wa filamu hujifunza kulala mchana ili afanye kazi saa ambazo taa zinawaka. Kwa mtu wa namna hiyo, programu inayofanya kazi yake kwenye kompyuta za mbali, naye akapokea kipande kilichokwisha, ni msaada wa kweli. Kuna jambo moja tu ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti: kila sekunde inalipiwa kwa dola na kwa kadi ya benki, na sekunde iliyoharibika hulipiwa sawasawa na iliyofaa.

Na zinazoharibika ni nyingi. Veo 3 ilipotoka ilikuwa ikitoa vipande vya sekunde nane. Filamu ya saa mbili kwa vipande vya namna hiyo ni mamia ya vipande, na katika kila kimoja uso wa shujaa unaweza kubadilika kidogo, kovu likahama shavu, kofia ikapata ukosi mwingine. Mwenye kuifanya kazi hii vizuri hurudi kwenye ufundi wa zamani: waigizaji wa kweli mbele, ukingo wa mto wa kweli chini ya miguu yao, na mtambo ukajaza kilicho mbali. Meli ya mvuke ya 1906 itokee nyuma ya bega la mwigizaji, kwenye ukungu. Moshi wake upite juu ya paa lililopo mpaka leo. Hivyo ndivyo ningemshauri kijana wa Mangobo. Maporomoko yako hapo, na Wagenia bado wanasimika miti yao kwenye mawe na kutundika migono mikubwa ya kuvulia katikati ya maji yanayokimbia. Hakuna programu itakayotoa kitu hicho vizuri kuliko kamera ya kawaida na ruhusa ya wenyewe.

Tatizo kubwa liko kwenye kile mtambo unachokiona ukifumba macho. Akili mnemba haijui historia. Imelishwa picha na video zisizohesabika, ikajifunza kipi hufuatana na kipi, na ukiiandikia ombi hukupa kinachoelekea zaidi kuandamana na maneno yako. Kwa hiyo lazima tuulize ni picha zipi za Kisangani zilizoko duniani za kuilisha. Kuna michoro ya vitabu vya Stanley, aliyeyapita maporomoko Januari 1877. Kuna maelfu ya picha za msafara wa jumba la makumbusho la New York, wa Herbert Lang na James Chapin, waliokuwa kaskazini mashariki mwa Kongo kati ya 1909 na 1915. Kuna filamu za serikali ya Wabelgiji, kuna Huston na Zinnemann, kuna picha za waandishi wa habari wa Novemba 1964. Karibu zote zilipigwa na mtu aliyeshuka kutoka melini au kwenye ndege, akakaa, akaondoka. Na juu ya zote kuna kivuli cha Joseph Conrad, aliyefika Stanley Falls, jina la zamani la mji huu, Septemba 1890 akiwa kwenye meli Roi des Belges, na riwaya aliyoitoa 1899 ikaufundisha ulimwengu kuuona mto huu kama mwisho wa dunia.

Omba mtambo ukupe mto Kongo wa 1890. Utapewa ukungu, msitu mweusi unaoinama, watu nusu uchi wenye mikuki, na Mzungu mmoja aliyesimama wima kwenye meli. Nimeyaona matokeo ya aina hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa nayatarajia. Lakini Stanley Falls ya 1890 ilikuwa pia mji wa Waswahili. Kulikuwa na watu wa kanzu na kofia, waungwana na Wamanyema, nyumba za udongo za mtindo wa pwani, mashamba ya mpunga ambao watu hao ndio walioueneza katika eneo hili, mashauri yanayoamuliwa kwa Kiswahili. Kulikuwa pia na minyororo. Mtambo hautakuonyesha mji huo usipoulazimisha neno kwa neno, na huwezi kuulazimisha kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui. Hapo ndipo kusoma kunapokuwa kazi ya mwongozaji, hata kabla ya kuchagua rangi.

Bahati yetu ni kwamba shahidi mmoja mkubwa wa mji ule aliyaacha maisha yake kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aitwaye Tippu Tip, aliteuliwa Februari 1887 huko Zanzibar, mbele ya Stanley, kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme Leopold II. Mwaka mmoja kabla ya hapo watu wake walikuwa wamekifukuza kikosi cha Leopold kutoka kituo hichohicho. Aliporudi Zanzibar aliandika habari zake, Heinrich Brode akazichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, na Tippu Tip akafariki mwaka 1905. Ndani yake kuna karibu kila kitu anachokitafuta mbunifu wa filamu: safari, pembe za ndovu, madeni, bunduki, ugomvi wa ndugu, majina ya watawala aliokutana nao. Ukiuweka mswada huo kwenye programu ya kuandika maonyesho, utapata tamthilia ya sehemu kumi kabla jua halijazama.

Hilo ndilo linaloniogopesha. Katika kitabu hicho wafanyabiashara wana majina, watawala wana majina, na waliokamatwa ni kundi lisilo na majina. Filamu itakayotokana nacho moja kwa moja itaipandisha kamera kwenye bega la Tippu Tip na kutembea naye kijiji hadi kijiji, nasi watazamaji tutajikuta tunamtakia ushindi, kwa kuwa ndivyo utendi unavyofanya kazi: anayefuatwa ndiye anayependwa. Vita vya 1892 hadi 1894, vilivyomaliza utawala wa Waswahili mtoni, vikitengenezwa kutoka upande wa pili vitamfanya Dhanis na maofisa wenzake wa Leopold kuwa wakombozi. Kila upande una nyaraka zake, na mtambo utazitumikia nyaraka zozote utakazoulisha. Wagenia, Walokele, Wakumu na Wambole, ambao vita hivyo vilipita juu ya vichwa vyao, walihifadhi yao kwa mdomo. Filamu ambayo ningependa kuiona ingemweka Tippu Tip mbali, mtu anayepita, na ikakaa na mvuvi wa maporomoko ambaye ameona bendera mbili zikipanda na kushuka katika miaka kumi. Filamu hiyo haiwezi kuandikwa bila kwenda kuwauliza Wagenia.

Tuchukue sauti, ambayo watengenezaji huifikiria mwisho. Walokele wa kando ya mto, kuanzia Yakusu kwenda chini, walikuwa wakizungumza kwa ngoma ya gogo lililochimbwa. John Carrington, mmisionari aliyekaa Yakusu, alieleza mwaka 1949 katika kitabu chake kuhusu ngoma hizo jinsi zinavyofanya kazi: lugha yenyewe ina sauti ya juu na ya chini, ngoma inazifuata sauti hizo, na kwa kuwa maneno mengi yana mlio mmoja, mpigaji hurefusha kila neno kuwa fungu zima la maneno yanayojulikana, ili msikilizaji asikosee. Ujumbe wa kifo, wa meli inayokuja, wa mtu anayeitwa arudi nyumbani, kila mmoja una mafungu yake. Sasa weka ngoma katika filamu ya akili mnemba ya Stanley Falls. Mtambo utakupa mapigo ya kutisha ya aina moja na yale ya filamu za Hollywood, mapigo yasiyosema kitu. Mlokele mzee atakayeisikia atakuwa kama mtu anayemtazama mwigizaji akifungua kinywa na kutoa kelele mahali pa maneno. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita katika jimbo la Stanleyville akirekodi muziki, na kazi zake ziko Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha. Kuzifuata huko ni kazi ya barua chache na subira. Ni nafuu kuliko bando la mwezi la programu ya kutengeneza sauti.

Lugha ya kinywa nayo ina shida yake. Sauti za Kiswahili ambazo mitambo hutoa zimefundishwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi, cha taarifa ya habari na cha mahubiri. Simba wa 1964 aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani hakusema hivyo. Alisema Kiswahili cha Maniema na cha mto, kilichochanganyika na Lingala na Kifaransa cha kambi. Kumpa sauti ya mtangazaji wa pwani ni kumvua utu kabla hajafanya lolote, jema au baya.

Nimefika 1964, na hapa haraka inahitajika kweli. Mwanzoni mwa Agosti mwaka ule Simba waliuteka mji chini ya Nicolas Olenga. Septemba Christophe Gbenye akatangaza jamhuri ya watu, Stanleyville ikiwa makao yake makuu. Asubuhi ya 24 Novemba makomando wa Ubelgiji walirushwa kutoka ndege za Marekani kuwaokoa mateka Wazungu waliokuwa wamewekwa katika hoteli ya Victoria, na baadhi ya mateka wakauawa barabarani kabla hawajafikiwa. Dunia inazijua saa hizo chache. Picha zake ni nyingi, zimechapishwa na kuchapishwa tena. Wakongo waliouawa na Simba mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Lumumba katika wiki zilizotangulia, na wale waliouawa na askari wa serikali pamoja na mamluki katika wiki zilizofuata, idadi yao ilikuwa kubwa kuliko ya mateka kwa mbali, na kamera haikuwa kwao. Mtambo ukiombwa Stanleyville ya 1964 utarudia walichokiona wapigapicha: Simba atatoka kichaa mwenye ngozi ya chui, komando atatoka mtu mwenye mpango.

Mtu aliyekuwa na miaka 15 siku zile sasa ana zaidi ya 75. Bado wapo, Makiso, Kabondo, Lubunga ng'ambo ya mto. Mwingine alibeba bunduki, mwingine alifichwa darini, mwingine alipika kambini. Wanachoweza kutuambia hakimo katika picha yoyote: soko lilifunguka saa ngapi siku ya kwanza ya utawala wa Simba, nani aliitwa msaliti kwa sababu ya kumiliki kalamu na tai, dawa ya vita ilitolewa wapi na mtu alikatazwa nini ili isimtoke, mama alimwambia nini mwanawe aliyerudi na bunduki. Onyesho la dakika tatu lililojengwa juu ya majibu ya maswali hayo litasimama hata kama nyuma yake kuna ukuta mtupu. Na mwongozaji atakayefika miaka kumi ijayo, akiwa na programu bora mara mia, hatawakuta.

Kuna vita vingine ambavyo mashahidi wake bado ni wengi na wenye nguvu, na kwa ajili yake nina msimamo mkali. Tarehe 5 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo yakiwa upande mmoja, yalianza kupigana ndani ya Kisangani, yakapigana siku sita. Timu ya tathmini ya Umoja wa Mataifa ilihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, wapatao 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa au kuharibiwa. Raia waliviona vita hivyo wakiwa chini ya vitanda na ndani ya mitaro, bila kamera. Kwa mtengenezaji wa filamu, pengo hilo la picha ni kishawishi kikubwa: hili ndilo tukio ambalo kila familia inalo, na ni wachache waliolionyesha likitokea. Akili mnemba inaweza kulitoa kesho asubuhi.

Kabla ya kulitoa, tukumbuke yaliyotokea mahakamani. Kongo ilishitaki. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliona kwamba Uganda ilivunja sheria. Kesi dhidi ya Rwanda ilishindikana kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Tarehe 9 Februari 2022 fidia ikatajwa: dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja inarudi tena na tena katika hukumu ile, nayo ni kwamba ushahidi uliowasilishwa haukutosha kuthibitisha idadi ya watu na thamani ya mali. Sisi tulioishi katika nchi ambayo karatasi huliwa na mvua tulipaswa kulisoma sharti hilo kwa uchungu. Leo kuna mfuko wa serikali, FRIVAO, wenye kazi ya kuwatambua na kuwalipa waathirika, na watu bado wanaleta hati zao, picha zao, makovu yao.

Katika mji wenye hali hiyo, picha ya nyumba iliyobomolewa Juni 2000 ni hati ya madai. Filamu yenye maonyesho hamsini ya makombora yaliyotengenezwa na mtambo, yenye sura ya mkanda wa kamera ya wakati ule, haitakaa ndani ya filamu. Vipande vitakatwa, vitazunguka WhatsApp na TikTok bila jina, na baada ya mwaka mmoja mtu atakileta kimoja ofisini akiamini kwa moyo safi kwamba ni mtaa wake. Afisa akigundua mara moja kwamba picha ni ya kubuni, atakuwa na sababu ya kuwatilia shaka mia wanaofuata. Wakili wa upande wa pili atafurahi zaidi. Kwa hiyo mimi nasema wazi: vita vya siku sita visitengenezwe kwa picha za mtambo zenye sura ya ukweli, si sasa, mpaka mtu wa mwisho mwenye dai halali awe amelipwa.

Je, tuvinyamazie? Hapana, na ushahidi kwamba si lazima ni kazi ya mtoto wa Kisangani. Dieudo Hamadi alizaliwa mjini humu mwaka 1984, na mwaka 2020 filamu yake En route pour le milliard iliteuliwa rasmi na tamasha la Cannes. Aliwafuata waathirika wa vita vya siku sita, wengi wao wamekatwa viungo, wakiteremka mto kilomita zipatazo 1,700 hadi Kinshasa kudai haki yao. Hakuyaunda upya mapigano. Aliwaacha waigize wenyewe kwenye jukwaa la maigizo, miili yao ikiwa ndiyo hati, na akapiga picha safari: boti lililojaa, mvua, turubai linaloshikwa na mikono kumi. Sijaona filamu ya Kikongo yenye kimo cha utendi kuizidi ile, na hakuna jeshi hata moja lililochorwa ndani yake. Mwongozaji kijana aitazame mara mbili kabla ya kununua programu yoyote.

Kuna mahali ambapo katika vita hivyo mtambo ungefaa, na ni kwa ajili ya kuficha. Mwaka 2020 filamu ya hali halisi Welcome to Chechnya iliwavalisha mashahidi waliokuwa hatarini nyuso za watu wengine waliojitolea, kwa njia ya kompyuta, hivyo hisia zao zikaonekana na utambulisho wao ukalindwa. Mwanamke wa Kisangani aliyebakwa na askari anaweza kusimulia kwa njia hiyo bila kutambuliwa sokoni, na mtazamaji akaambiwa waziwazi kwamba uso si wake. Vilevile kuna ukarabati wa mikanda ya zamani: Peter Jackson alichukua picha za Vita vya Kwanza vya Dunia katika They Shall Not Grow Old, ya 2018, akazirudishia mwendo wa kawaida na rangi. Mikanda ya Stanleyville iliyoko Ubelgiji ingeweza kutendewa hivyo, mradi nakala isiyoguswa ihifadhiwe pembeni na iwe wazi kwa kila mtu.

Na anayetaka majeshi ya angani na mito inayofunguka, aende kwenye tendi zenyewe. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, uliorekodiwa na Daniel Biebuyck katika miaka ya 1950 na kuchapishwa naye pamoja na Kahombo Mateene 1969, una mtoto anayezaliwa akitembea na kuzungumza, baba anayemfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, safari za kuzimu na mbinguni. Hapo mtambo hauzushi ushahidi wa mtu yeyote, na Wahindi wameshaonyesha kwamba utendi wa namna hiyo unawezekana. Wanyanga waombwe ruhusa na wapate sehemu yao ya mapato. Hilo ni la lazima, na halihitaji maneno mengi.

Anabaki Lumumba, ambaye kila mtu humtaka kwanza. Mwili wake uliharibiwa kwa tindikali mwaka 1961. Juni 2022 kilichorudi kutoka Ubelgiji kilikuwa jino, na jeneza lililolibeba lilipitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa. Watu walisimama barabarani kwa ajili ya jino. Sasa programu inaweza kutupa mwili mzima wenye sauti, unaotembea na kutabasamu na kusema chochote atakachoandika mtu mwenye kadi ya benki. Mimi siwezi kulikubali hilo. Katika filamu ya Peck, Eriq Ebouaney alimwigiza Lumumba kwa mwili wake mwenyewe, na mtazamaji alijua wakati wote kwamba anamtazama mwigizaji. Ujuzi huo ni heshima kwa aliyekufa.

Lakini filamu ya Lumumba wa Stanleyville ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu ndiyo inayowezekana. Tangu 1944 alikuwa karani wa posta hapa. Aliongoza chama cha Wakongo wenye elimu, aliandika magazetini, akakamatwa 1956 kwa kesi ya fedha za posta, akaandika kitabu akiwa gerezani, akarudi na kukutanisha chama chake cha MNC mjini humu Oktoba 1959, mkutano uliomalizika kwa damu. Sehemu kubwa ni vyumba, meza, barua na mazungumzo, mambo ambayo waigizaji wetu wanaweza. Majengo mengi ya zama zile bado yamesimama Makiso. Mtambo ungehitajika kwa magari ya barabarani, kwa umati wa Oktoba 1959, na kwa siku moja ya 1955, mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville na karani wa posta akapata nafasi ya kuzungumza naye.

Safari ya mfalme ilipigwa picha na André Cauvin, na filamu ikaitwa Bwana Kitoko. Kamera ile ilimfuata mfalme. Mwongozaji wa Kisangani angeweza kuigeuza itazame upande wa pili, kwa mwigizaji wa kweli aliyesimama mbele na mandhari iliyochorwa nyuma, akaandika kwenye kona ya skrini, kwa Kiswahili na Lingala, kwamba onyesho hili limeundwa, na mwisho wa filamu akataja kila onyesho lilitokana na nyaraka gani na mashahidi gani. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Kisangani wangeweza kuwahoji waliokuwa watoto mwaka 1959, na Studios Kabako ya mtunga dansi Faustin Linyekula, iliyo mjini humu tangu 2006, ina watu wanaojua kufanya kazi na miili na kumbukumbu. Bajeti ningeigawa hivi: nusu kwa kurekodi wazee, kwa kamera nzuri na maikrofoni nzuri, nakala moja ikae chuoni na nyingine na familia zao, robo kwa waigizaji na mafundi wa hapa, iliyobaki, kama ipo, iende kwa sekunde za mtambo. Kazi ya kwanza na wazee ianzie Lubunga, kwa sababu huko ng'ambo ni wachache waliowahi kuvuka na kipaza sauti.